Fundo la Mkonge

Saumu mwanangu,

Ulipokuwa sekondari, kila barua uliyotuletea ilianza vilevile: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu huko nyumbani. Ulituandikia hivyo hata muhula ule uliolazwa siku tisa kwa malaria, tukaja kuzipata habari kwa mtoto wa jirani. Leo baba yako anaanza kwa njia nyingine. Mimi si mzima sana. Tangu Jumatatu usingizi wangu ni wa kuibia, chakula nakichokonoa tu, na mama yako amenikataza kuzungukazunguka uani kwa sababu nawatisha kuku. Sina homa wala kuhara. Naogopa, basi.

Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda kumuaga bibi yako kule kitongoji cha pili, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye benchi la darasa letu la kisomo, kwenye karatasi zile zile ninazowafundishia wazee kuandika majina yao. Kesho alfajiri lori la kijiji litatushusha Korogwe, na treni itakuchukua kwenda Moshi, chuoni. Habari za sabuni, unga na kufunga sanduku mama ameshakuambia, na atakuambia tena ndani ya lori kwa sauti ya kushindana na injini. Mimi nina jambo moja tu, nalo linatokana na ile karatasi yako ya safari ya mlima.

Uliponionyesha barua ya chuo, kwamba wanachuo wapya watapanda Mlima Kilimanjaro mwisho wa muhula, na kwamba kila mmoja aje na mpango wake, na atakayeandika vizuri ataongoza kundi la wasichana, nilijua papo hapo kwamba kiongozi ni wewe. Wewe hata kuchota maji ulikuwa unayapangia ratiba. Nikausoma mpango wako mstari kwa mstari. Siku tatu za kupanda, ya nne kileleni. Sweta mbili kila mtu. Kuni, zikatwe njiani. Halafu nikafika chini kabisa, ulipoandika kwa wino wa bluu: kila asubuhi kiongozi atawauliza wenzake hali zao.

Nikakurudishia karatasi nikasema vizuri sana, nikatoka kwenda kumwangalia mbuzi. Mbuzi hakuwa na shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi, kwa sababu ya mstari ule wa mwisho, na mama yako aliliona hilo. Alinifuata zizini akasema, "Aende. Lakini umwambie la kamba, sio la homa." Ndiyo maana naandika.

Nyinyi watoto tuliwaambia mjomba wenu Athumani alikufa kwa homa ya ghafla akiwa safarini. Safarini ni kweli. Alikufa Kilimanjaro, na safari ilikuwa yangu.

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Nilikuwa Ngombezi, kwenye mkonge. Nilianza kama mkataji, nikapanda kuwa mtu wa korona, mashine ile ya kuchana majani, na jioni nilikuwa kepteni wa timu ya mpira ya kambi yetu. Athumani alikuwa karani wa kupima, kijana wa Dindira, mwembamba, msafi, anayevaa viatu vya ngozi hata siku ya mapumziko, na alikuwa winga wetu wa kulia. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne, na kwa ajili ya miaka hiyo minne hakuacha hata siku moja kunipa shikamoo. Nilimpenda kuliko wachezaji wote kumi. Ukitaka kujua alivyokuwa, jiangalie wewe unapokunja nguo.

Siku hizo kila mtu alitaka kufanya jambo kubwa. Wengine walijenga shule kwa mikono, wengine walichimba barabara kwa majembe. Sisi tukasema timu nzima, kumi na moja, itasimama juu ya Kilimanjaro na bendera ya kambi. Nasema kumi na moja, si kumi. Wazo hilo lilikuwa langu, na nililishikilia kwa ujinga wa kepteni ambaye hajawahi kufungwa nyumbani kwake. Kupanga tulipanga kwa jioni mbili. Tulifikiri mtu anayeweza kukimbia dakika tisini juani Ngombezi, mlima utamfanya nini?

Kiongozi tuliyempata kule alikuwa mzee wa Kichaga, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Alituambia tulale usiku wa ziada kwenye kibanda cha pili, ili mwili uizoee hewa ile nyepesi. Nikamwambia likizo yetu ni fupi. Akaniangalia, akatazama mlima, akaivuta kofia yake masikioni. Mwanangu, uongeze siku ile. Wakikuambia muda hautoshi, basi mpunguze kilele, siku ibaki.

Njia nzima tulijifanya tumekwenda kufyeka shamba. Tulikata vichaka vya kule juu tukawasha moto wa kuotea na kuimba, vichaka ambavyo havizidi kiuno changu na mzee akatuambia vingine vimenizidi umri. Makopo ya samaki tuliyatupa pale pale tulipokula. Nilikuwa nimebeba kopo la rangi nyekundu niliyoichota karakana ya korona, na tulipofika kibanda cha tatu, kabla hata ya kunywa maji, nikaandika majina yetu kumi na moja kwenye jiwe. Yule mzee alikuwa nyuma yetu siku zote, anaokota makopo anatia kapuni. Nilipomuuliza anayataka ya nini, naye akaniuliza kwetu tunakunywa maji gani. Nikasema ya mto, wa Pangani, unapita hapo hapo Korogwe. Akanyoosha kidole kule chini tulikotoka, akasema, "Sasa unafikiri unaanzia wapi, kijana?"

Kwa hiyo futa ule mstari wa kuni. Mbebe jiko la mafuta ya taa, zito lakini halikati kitu. Mlichopanda nacho mshuke nacho, hata ganda la yai. Haja mkaifanyie mbali na vijito, mchimbe, mfukie. Ukiona uvivu wa kufanya hivyo, kumbuka kwamba uchafu wako unashuka taratibu kuja kumfikia shangazi yako pale Kilole, ambaye unamjua mdomo wake. Na kama lile jiwe bado linasomeka, usiandike jina lako chini ya letu.

Sasa lile la kamba.

Kuanzia kibanda cha pili Athumani aliacha kula. Aliukoroga uji akampa mwenzake. Asubuhi nilimuuliza, mbele ya wote, kama ninavyouliza siku zote, "Mdogo wangu, hujambo?" Akajibu, "Sijambo, kaka." Nikaridhika. Ungetegemea ajibu nini? Tangu tunaanza kuongea tumefundishwa kwamba swali hilo lina jibu moja. Mtu anaulizwa habari za nyumbani anasema nzuri, halafu ndipo anakueleza kwamba nyumba imeungua. Ni adabu yetu, naipenda, na sitaki uiache. Lakini nilimuuliza salamu nikajifanya nimemuuliza hali.

Mchana wake tulivuka ule uwanda mrefu usio na mti. Alikuwa wa mwisho. Winga, wa mwisho! Tukamtania kwamba amezeeka. Alipotufikia kwenye kibanda cha tatu akanisogelea, akaniambia, "Shikamoo, kaka." Alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Wenzetu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaitikia marahaba mara ya pili kwa siku moja.

Yule mzee hakucheka. Akatukalisha wote chini nje ya kibanda, akatuambia tuvue viatu, kisha tuvivae na kuzifunga kamba. Atakayeshindwa kufunga atashuka sasa hivi na msaidizi wake, jua lingali juu. Tukaona ni mchezo wa kizee. Hakuuliza mtu hali yake. Alianza upande wa kushoto, anapita, anatazama vidole vyetu.

Athumani alikuwa karibu yangu upande wa kulia. Alizishika kamba mbili, moja kila mkono, akazitazama. Mtu aliyekuwa anaandika hesabu za shamba zima la mkonge bila kufuta alikuwa hajui kamba ipi inapita wapi. Akaniangalia. Macho yake hayakuwa yananiomba nimfunge. Hilo nimelifikiria miaka yote hii. Nadhani alikuwa ananionyesha.

Nikaona kumi badala ya kumi na moja. Nikaona na aibu yake, mtoto wa watu kurudishwa kama mzigo, na nakuapia kwamba huruma nayo ilikuwemo. Nikainama haraka nikamfunga viatu vyote viwili. Mzee alipofika kwetu alikuta kamba zimekazwa, akapita.

Ya usiku ule nitayasema kwa kifupi. Tulianza kupanda gizani kama inavyofanywa huko, na kwenye kokoto za mteremko Athumani akakaa, akawa anaongea na mama yake kwa Kishambaa, anapumua kama mtu mwenye maji kifuani. Tulimshusha kwa blanketi, sisi kumi, na bendera tuliiacha huko huko kwenye kokoto. Tulipofika katikati ya uwanda jua linachomoza, mzee akasema tumweke chini. Tulimzika Moshi siku hiyo hiyo, kwenye makaburi ya Waislamu. Waliomwosha walikata kamba za viatu chini kwa kisu, wakanipa vile viatu na mkoba wake.

Ilikuwa lazima mtu aende Dindira kabla maneno hayajatangulia, na kepteni nilikuwa mimi. Nilipanda na lori la majani ya chai mpaka lilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Babu yako alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza, "Habari za huko?" Nikasema nzuri. "Wenzako hawajambo?" Nikasema hawajambo. "Na Athumani?"

Nikamjibu, Saumu, nikamjibu kwa mdomo wangu huu: "Hajambo, baba, ila amefariki."

Babu yako hakunikasirikia. Kwanza alilitua shoka lake vizuri, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Lakini mimi ule ulimi uliosema hajambo nimetembea nao mpaka leo, na kila ninapoitikia nzuri barabarani nausikia.

Ndipo akaingia binti yao na kikapu cha chai mgongoni. Alikuwa na umri kama wako sasa. Hakunisalimu. Alivitazama vile viatu mkononi mwangu, akakitua kikapu, akakichukua kimoja. Kamba ilikuwa imekatwa chini lakini fundo lilikuwa bado lipo juu, na lilikuwa fundo la wakataji, lile la kufungia mzigo wa majani ya mkonge, la kuzungusha mara mbili na kupenyeza chini. Mikono yangu haikujua lingine. Karani hafungi vile. Athumani alikuwa akifunga vitanzi viwili, kama ulivyofundishwa wewe na mama yako.

"Nani alimfunga?" akaniuliza.

"Mimi."

"Mwenyewe alishindwa?"

"Alishindwa."

"Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua. Akaingia ndani na kiatu kimoja, mimi nikabaki na kingine. Mwaka ulipita kabla sijarudi kukileta cha pili, na mwaka mwingine kabla sijathubutu kutuma mshenga. Watu wa Ngombezi walishangaa Mshambaa yule alinikubalia nini, Mzigua mkata mkonge mwenye kifo cha kaka yake mikononi. Mimi mwenyewe sikumuuliza mpaka wewe umezaliwa. Akaniambia siku ile pale uani aliuliza maswali matatu na nikamjibu yote matatu, na kwamba hakujua kama mwanaume mwingine angeweza.

Sasa utaelewa kwa nini mama yako hana hamu na habari za asubuhi. Ulidhani ni ukali. Yeye anauliza umekula nini, umelala upande gani, mguu unauma juu ya goti au chini. Nimeishi na maswali hayo karibu miaka ishirini na sijawahi kumdanganya, si kwa wema wangu, ila kwa sababu hayana pa kujifichia. Mimi ndiye niliyechelewa kujifunza. Unakumbuka mwaka ule wa ukame, ukiwa darasa la nne, tumehamia kijijini hapa majuzi tu? Mgeni mkubwa alikuja kwa gari, akatuuliza wanakijiji habari za mahindi. Mimi balozi wa nyumba kumi nikasimama mbele, nikasema nzuri, mzee, karibu. Vumbi la gari lake lilikuwa limeshatua nilipokumbuka kwamba mahindi hatuna. Mama yako alinitazama hivi, akaenda kuchimba ming'oko porini na wanawake wenzake. Hata hapo nilikuwa bado sijapona.

Kwa hiyo mstari wako wa mwisho uufute, uandike mwingine kwa maneno yako. Uwaulize wenzako jana walikula nini na kilibaki kiasi gani. Kichwa kinauma mbele au nyuma. Wafunge viatu mbele yako, na watembee mbele yako juu ya mstari uliouchora chini. Na uanze wewe. Useme wa kwanza, mimi leo tumbo halitulii, mimi leo naogopa. Kiongozi akishasema hivyo, mwenye shikamoo mbili kwa siku hatakuwa na haya ya kusema lake. Anayekwenda polepole mweke mbele, wote mfuate hatua zake, hata ikiwaudhi wenye miguu. Na ukishamwona mtu haelewi kamba zake, msishauriane. Shukeni naye saa hiyo hiyo, walioshindwa wawe wanane au awe mmoja. Hakuna kitu huko juu. Nimemuuliza mtu aliyefika, akaniambia ni mawe na barafu, na baridi inayomfanya mtu atamani kurudi.

Ukiwa kiongozi watakupenda, na wewe utawapenda. Hapo ndipo naogopa zaidi. Sikumfunga Athumani kwa chuki.

Utakapofungua sanduku lako Moshi, chini kabisa, chini ya khanga, utaona viatu vya ngozi vya mwanaume mwenye miguu midogo. Madukani viatu vya namna ile havipo, unajua mwenyewe foleni za siku hizi. Mama amevipaka mafuta kila mwaka nikidhani ni kumbukumbu tu. Wiki hii amempa fundi avipige soli mpya, akatia kamba mpya, na usiku wa jana kavijaribu yeye mwenyewe uani, na soksi mbili, akaniambia vitakutosha. Amelia kidogo. Nami nimelia, lakini ukiniuliza mbele ya bibi yako nitasema ni moshi wa jikoni.

Nakupenda, Saumu. Sikulisema sana kwa sababu nilidhani kulisema ni kazi ya mama. Nataka upande, na nataka urudi, na nikilazimishwa kuchagua nachagua urudi. Ukituandikia kutoka huko, usiniambie kwamba wewe ni mzima na hofu ni kwangu. Niambie unaumwa wapi.

Barua hii utaikuta ndani ya kiatu cha kulia, utakapokuwa umeshafika. Mpaka hapo tutakuwa tumeagana Korogwe, na ninajijua nilivyo. Pale stesheni, treni ikipiga honi, nitaona kamba ya kiatu chako imelegea, hata kama haijalegea, nami nitainama kukufunga, kama siku ya kwanza nilipokupeleka shule. Hiyo ya kesho nisamehe, itakuwa imeshapita. Ukija likizo nikainama tena, usione haya mbele za watu. Sogeza mguu nyuma, ufunge mwenyewe.

Baba yako